Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti ya Kawaida: Anza na Kasha na Umeme, Kadi ya Grafiki Ije Mwisho

Ukipita maduka ya kompyuta Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utakuta kompyuta za mezani za Dell, HP na Lenovo zimepangwa juu kwa juu hadi karibu na dari. Nyingi zilikuwa za ofisi Ulaya, Marekani au Ghuba. Kampuni zilipobadilisha vifaa ziliziuza kwa jumla, zikapakiwa kwenye kontena zikaja kwetu. Kijana anayetaka kucheza gemu bila kumaliza akiba yake yote aanzie hapo. Mashine ya ofisi iliyochaguliwa vizuri, ikipata kadi ya grafiki inayoifaa (kifaa kinachochora picha za gemu), itacheza gemu nyingi za leo kwa raha, na gharama yake itakuwa mbali sana na ya kompyuta mpya ya gemu.

Kinachowaponza wengi ni mpangilio wa manunuzi. Wananunua kadi kwanza kwa kuwa ndiyo inayosifiwa YouTube, halafu ndipo wanatafuta pa kuichomeka. Kadi ikifika nyumbani, ama haiingii kwenye kasha, ama inaingia lakini pawa saplai (boksi la ndani linalogawa umeme) haina waya wa kuilisha, ama inawaka lakini prosesa ya zamani (ubongo wa kompyuta) inaibana isitoe hata nusu ya uwezo wake. Mimi nashauri uende kinyume: gemu, monita, kasha, umeme, prosesa, na kadi iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Gemu zako na monita yako

Chukua karatasi uandike gemu tatu au nne unazocheza kweli. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015 na kadi ndogo inaimudu. Valorant nayo ni nyepesi. EA Sports FC 25 inataka angalau kadi ya Nvidia ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski, kwa hiyo hesabu na bando la kuishusha. Cyberpunk 2077, tangu masharti yake yaliporekebishwa mwaka 2023, inataka GTX 1060 ya GB 6 kwa kiwango cha chini, na inataka SSD, yaani diski ya chipu. Diski ya kuzunguka haitoshi tena.

Kisha kuna gemu zilizofunga mlango kabisa. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 zinalazimisha kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga ndani ya chipu yake. GTX yoyote, hata 1080 Ti iliyokuwa mfalme wa zama zake, haikidhi sharti hilo. Kama gemu za namna hii ndizo unazozitaka, tafuta RTX ya Nvidia, au Radeon ya AMD ya RX 6000 kwenda mbele, na usipoteze muda kwenye GTX za bei chee.

Monita nayo ina neno lake. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta kama milioni 2 za kuchorwa kila fremu, yaani kila picha moja. Ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Kadi inayotamba kwenye ya kwanza inaweza kuchechemea kwenye ya pili. Halafu monita nyingi za ofisi ni za 60Hz, maana yake zinaonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Kununua kadi ya fremu 140 ukaiunganisha na monita ya 60Hz ni kulipia kitu usichokiona. Kwa bajeti ya kawaida, lenga 1080 na fremu 60 zilizotulia.

Tazama pia soketi ya nyuma ya monita. Za zamani zina VGA peke yake, na kadi za Nvidia tangu familia ya GTX 10 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake. Waya mtupu wenye ncha mbili tofauti haufanyi kazi.

Hatua ya 2: Kasha na kizazi cha prosesa

Mashine moja ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk huja kwa maumbo matatu, na hapa ndipo macho yawe makali. Kuna mnara, kasha refu la kusimama, ambalo linapokea kadi ya kawaida. Kuna kasha jembamba linaloitwa SFF, ambalo hupokea tu kadi fupi za nusu kimo. Na kuna kile kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja, ambacho hakina nafasi ya kadi ya kawaida kabisa. Namba za modeli zinafanana, kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni OptiPlex 7050" bado hujajua kitu. Tafuta mnara. Chukua rula uende nayo dukani, upime kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele, mara nyingi kibebeo cha diski. Kadi yenye feni moja huwa na sentimita 15 hadi 18. Yenye feni mbili hufika 20 hadi 25.

Kuhusu prosesa, jina "i7" peke yake halina thamani. Utasikia, "Kaka, hii i7 hii, chukua, hujutii." Muulize ni ya kizazi gani, au soma namba mwenyewe. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, na i3-10100 ya mwaka 2020 inaipita kwa gemu ingawa jina lake ni dogo. Namba za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi: 6500 ni cha sita, 8500 cha nane, 10500 cha kumi. Ukitaka kujua kizazi kwa kutazama kasha tu, OptiPlex 9020 ni cha nne, 7040 ni cha sita, 7060 ni cha nane. Kwa HP, EliteDesk 800 G1 ni cha nne, G4 ni cha nane.

Mstari wangu ni kizazi cha nane. Sababu ziko mbili, na zote nzito. Ya kwanza: Intel, mtengenezaji wa prosesa hizi, iliongeza viini hapo, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. i5-6500 ina viini vinne. I5-8500 ina sita, na gemu za sasa zinavitumia. Ya pili: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka), na Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot. Utapita dirishani kwa Windows, kisha gemu likufungie mlango. Ukikosa kabisa cha nane, cha sita kinafaa kwa gemu nyepesi, ila bei ishuke sana.

Kuna mashine wengi wanazipita bila kuzitazama: zile za wahandisi na wachoraji, kama HP Z440. Pawa saplai yake ni ya Wati 700 na ina waya za kadi tayari. Ina kasoro mbili za kujua mapema. Prosesa zake za Xeon hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na RAM yake (kumbukumbu ya muda) ni ya seva, haichanganyiki na RAM ya kawaida uliyonayo nyumbani. Kwa anayecheza gemu zisizo na ulinzi mkali, ni ununuzi mzuri kuliko mnara wa ofisi.

Hatua ya 3: Umeme

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa na inayookoa nyumba. Tundu la kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) linatoa Wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kadi inayotumia zaidi ya 75 lazima ipate waya kutoka pawa saplai, na minara mingi ya ofisi ina pawa saplai ya Wati 240 hadi 300 isiyo na waya hizo.

Fungua kasha, soma lebo ya pawa saplai. Usiishie kwenye namba kubwa ya juu. Shuka hadi mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula humo. Zidisha ampia kwa 12. Nimeona pawa saplai zisizo na jina zimeandikwa "500W" kwa herufi nene, na mstari wa +12V unasoma ampia 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni Wati 216. Weka hapo RX 580 yenye 185 na prosesa ya 65, tayari umefika 250, na hujahesabu diski wala feni. Mashine ya namna hiyo itazima katikati ya mechi, na hiyo ndiyo heri. Shari ni pawa saplai kuondoka na mazabodi na kadi kwa pamoja. Pima na uzito mkononi. Nyepesi mno kwa namba iliyoandikwa, irudishe.

Adapta za kugeuza waya wa SATA kuwa pini 6 zinauzwa kila mahali na bei yake ndogo. Plagi ya SATA imeundwa kwa ampia 4.5 kwenye 12V, yaani Wati 54, wakati pini 6 zinaweza kudai 75. Plastiki inalainika, inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Usiiweke kwenye kompyuta yako.

Ukitaka kubadilisha pawa saplai nzima, jua kwamba Dell na HP nyingi kuanzia kizazi cha nne hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Zina yao, ya pini 8 au 6 kutegemea modeli. Adapta zake zipo na zinafanya kazi vizuri, lakini zitafute kwa namba kamili ya modeli yako. Kwenye SFF hata umbo la boksi ni la kwake, ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania mnara.

Hatua ya 4: Sasa kadi

Ukiishi na pawa saplai ya ofisi, chagua kadi isiyohitaji waya. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina GB 4 na inacheza gemu nyepesi. GTX 1650 ya mwaka 2019 inaizidi, na matoleo mengi yake hayana tundu la waya; yapo yenye tundu la pini 6, kwa hiyo itazame ubavuni kabla ya kulipa. Bora kwenye kundi hili ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inatumia Wati 70 na inafungua hata zile gemu zinazodai RTX, mradi upunguze mapambo. Kwa mnara wa kizazi cha nane wenye pawa saplai ya asili, hiyo ndiyo kadi ningempa mdogo wangu.

RX 6400 ya AMD inatumia Wati 53 tu na inavutia, lakini imejengwa kwa njia nne za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi. Mashine za Intel za kizazi cha sita hadi cha kumi ni za PCIe 3.0, hivyo njia zile nne zinabeba nusu ya mzigo ziliokusudiwa kubeba, na gemu zinakwama kwama. Iache kwa mashine mpya zaidi. Intel Arc B580 nayo ni kadi nzuri yenye GB 12, lakini inategemea Resizable BAR, kipengele kinachoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambacho kompyuta za ofisi za miaka hiyo kwa kawaida hazina.

Ukiwa na pawa saplai ya kweli ya Wati 450, uwanja unafunguka. GTX 1660 Super ina GB 6 na inatumia Wati 125. RX 6600 ya Oktoba 2021 ina GB 8 kwa Wati 132, na kwa 1080 sijaona kadi iliyotumika inayolipa zaidi ya hiyo kwa kila shilingi. RTX 3060 ya GB 12 inataka Wati 170 na pawa saplai ya 550. RTX 4060 inakula 115 tu, ingawa Nvidia wenyewe wanapendekeza 550. Kwa mwenye kununua mpya dukani, RX 9060 XT ya GB 16 ya mwaka 2025 itaishi miaka mingi, ila usiiweke kwenye prosesa ya kizazi cha nne ukategemea miujiza.

Majina ya kadi yanahitaji tahadhari ya pekee, maana jina moja hubeba vitu viwili tofauti na muuzaji anaweza asijue. RTX 3050 ya mwaka 2022 ni ya GB 8 na Wati 130. Si ile ya Wati 70. GTX 1060 ya GB 3 haikupungukiwa kumbukumbu tu, ina viini 1152 badala ya 1280. RX 580 yenye maandishi "2048SP" ni dhaifu kuliko RX 580 halisi yenye 2304. GT 1030 yenye kumbukumbu ya DDR4 ni dhaifu sana mbele ya ile ya GDDR5. GT 710 na GT 730 ni za kuwasha monita ya pili ofisini.

Jambo la mwisho kabla ya kulipia GTX ya 10: Nvidia waliacha kuzitolea draiva (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya Oktoba 2025, zimebaki marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 na 1660 ni za familia iliyofuata, na hazimo kwenye hukumu hiyo. Kwa hiyo 1060 yenye bei inayokaribiana na 1660 Super, iache.

Hatua ya 5: Kuikagua dukani

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha uchimbaji kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kilichochoka ni feni na pedi za kupozea. RX 580 ndizo za kutazamwa zaidi, kwani nyingi zilibadilishwa BIOS, programu ya ndani ya kadi.

Nenda na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu mbili za bure. Mwombe muuzaji kwa adabu aichomeke kadi mbele yako. Fungua GPU-Z kwanza. Kuna kadi za kizamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti zilizobandikwa stika na kuandikwa upya zijitaje GTX 1050 Ti. GPU-Z inazigundua na kuandika "[FAKE]" mbele ya jina. Linganisha idadi ya viini na aina ya kumbukumbu na unachokijua: 1050 Ti ina 768, 1650 ina 896. Kisha washa FurMark dakika 15. Joto likitulia kati ya nyuzi 65 na 83 za Selsiasi ni sawa. Likipanda bila kusimama hadi 90, au nukta za rangi zikitawanyika kwenye kioo, au feni ikiguguna, mshukuru uondoke.

Izime, uishike, uitazame mwangani. Skrubu zilizokwanguliwa vichwa zinasema imefunguliwa. Mafuta yanayong'aa pembeni mwa chipu za kumbukumbu yametoka kwenye pedi zilizochakaa. Sisi wa pwani tutazame pia kutu kwenye bamba la soketi na ukungu wa kijani kwenye shaba. Hewa ya chumvi haina huruma na kadi iliyokaa stoo.

Ukiridhika, namba ya serial ya kadi iandikwe kwenye risiti pamoja na siku za waranti. Muuzaji makini hatakataa, na namba hiyo inamlinda yeye pia asirudishiwe kadi isiyo yake.

Kumbukumbu na diski

Hapa ni haraka. RAM GB 16 kwa vipande viwili vya 8, si kimoja cha 16, ili prosesa isome njia mbili kwa mara moja. SSD ya GB 500 ndiyo ya chini. Red Dead Redemption 2 peke yake inachukua 150. Ikiwa SSD ni ya mtumba, fungua programu ya CrystalDiskInfo utazame afya yake.

Na laptop je?

Kwa mwanafunzi anayehamahama, sawa. Lakini jina la kadi kwenye laptop halisemi nguvu yake. RTX 4060 ya laptop inaweza kupewa Wati 35 au 115 kutegemea mtengenezaji, na tofauti yake kwenye gemu ni kubwa. Uliza Wati kabla ya bei. MX150, MX350 na ndugu zao si za gemu, hata stika ya Nvidia iwe inang'aa vipi. Kumbuka pia kwamba kadi ya laptop imeunganishwa moja kwa moja na mazabodi. Ikifa huibadilishi kama kwenye mnara.

Hatua ya 6: Kufunga na kuwasha

Chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha, ndipo uingize mkono. Sukuma kadi kwenye tundu refu hadi usikie kibanio kikilia, kaza skrubu, chomeka waya wake kama inao. Kisha waya wa monita uingie kwenye kadi yenyewe, si kwenye soketi ya mazabodi. Ukikosea hapo utacheza kwa grafiki ya prosesa na kuilaumu kadi bure. Pakua draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD. Ukiwa na monita ya 75Hz au 144Hz, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uichague mwenyewe, kwa sababu mara nyingi Windows huanzia 60.

Acha nafasi ya kiganja nyuma ya kasha na usiliweke sakafuni, vumbi la miji yetu linaingia kwa kasi. Lifungue kila baada ya miezi michache, ukipuliza feni huku umeishika isizunguke.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua pawa saplai. UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ya 650VA kwa kawaida hutoa Wati 360 hadi 390, inatosha mnara wenye RX 6600 na monita moja, na inakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke humo feni ya chumba wala spika kubwa.